Raba za breki kwa baiskeli ya zamani: asili, nyekundu, ngozi au ya kuchomeka?

Chukua sumaku yoyote, hata ile ya spika iliyokufa, uisogeze kwenye ringi ya baiskeli yako ya zamani. Ikinata, ringi ni ya chuma na ule mng'ao ni kromu. Isiponata, ringi ni ya alumini. Usiamini macho, kwa sababu alumini iliyosuguliwa vizuri hung'aa kama kromu, na kromu iliyochakaa hufifia ikafanana na alumini.

Fanya jaribio hilo kabla hujaanza kutafuta raba mpya. Wengi huanzia kwenye breki yenyewe: ni ya vyuma (inayovutwa kwa fito) au ya waya, imetengenezwa na Weinmann au Mafac, waya unaivuta pembeni au katikati. Maswali hayo ni ya lazima na nitayafikia, lakini yanakuambia tu raba ipi itaingia. Raba ipi itasimamisha baiskeli, hasa ringi ikiwa imelowa, ni habari ya ringi. Nimeona raba moja ikisifiwa na mtu mmoja na kulaaniwa na mwingine, na wote wawili wakawa wakweli, kwa kuwa mmoja alikuwa na alumini na mwingine kromu.

Zimekwisha au zimekufa?

Kwenye baiskeli mpya, raba hubadilishwa kwa sababu imelika. Mifereji iliyo usoni mwake inapotoweka, au chuma kilichoishika kinapokaribia kugusa ringi, muda wake umefika. Ukiachia chuma hicho kifike, kitachonga mfereji kwenye ringi, na hapo hutanunua raba peke yake.

Kwenye baiskeli ya zamani kuna kifo cha aina ya pili, nacho hakionekani kwa haraka. Raba inaweza kuwa nene, mifereji yote ipo, lakini miaka imeifanya ngumu. Ibonyeze kwa ukucha. Raba iliyo hai huacha ukucha uingie kidogo, kisha alama inarudi. Iliyokufa haiingiliki hata kidogo, na mara nyingi uso wake una ngozi inayong'aa au nyufa ndogondogo pembeni. Raba ya namna hiyo hubana ringi kwa nguvu zako zote na baiskeli ikaendelea na safari yake.

Je, msasa unaifufua? Kiasi. Ukiondoa ule uso uliogeuka kioo, chini yake unaweza kukuta raba laini zaidi, na breki ikarudi kwa muda. Jaribio halikugharimu kitu. Lakini ukisugua milimita moja, kisha ukucha bado hauingii, achana nayo. Imekauka hadi ndani.

Wagombea

*Raba ya asili, isiyotumika.* Hizi ni zile zilizotengenezwa enzi za baiskeli yenyewe na zikabaki kwenye boksi. Kwa sura hazina mpinzani: jina la mtengenezaji limechongwa mahali pake, umbo ni lilelile, nati ni zilezile. Kwa kazi ninazitilia shaka. Raba huzeeka hata ikiwa kabatini. Hewa na joto haviulizi kama imefungwa gurudumuni. Mtu anayekuuzia raba ya miaka 40 kama "mpya" anasema kweli kuhusu matumizi na anakaa kimya kuhusu umri. Jaribio la ukucha linafaa hapa kuliko mahali pengine popote. Zikipita, zifunge kwenye baiskeli ya maonyesho au ya matembezi ya taratibu kwenye tambarare. Kuteremka nazo mlima, hapana.

*Raba nyeusi ya kawaida, mpya.* Ipo kila mahali, inaingia karibu kila breki ya waya, na kwenye alumini kavu inafanya kazi bila lawama. Tatizo lake ni kwamba neno "nyeusi" halikuambii kitu. Kuna nyeusi laini nzuri na kuna nyeusi ngumu iliyotoka kiwandani tayari imekufa. Ukiipata yenye kulegea ukuchani, chukua. Kwenye kromu iliyolowa, hata iliyo nzuri ni dhaifu.

*Raba nyekundu.* Hapa nazungumzia hasa mchanganyiko wa Kool-Stop wa Marekani unaoitwa Salmon, wenye rangi kati ya pinki na tofali. Wapo wengine wenye rangi zinazokaribiana, lakini rangi peke yake si dhamana, angalia jina. Sifa yake kubwa ni kushika wakati wa mvua, ambako raba nyeusi hupwaya. Ya pili, ambayo watumiaji wa alumini wataipenda zaidi, ni kwamba haina tabia ya kuokota vipande vya chuma na mchanga na kuvishikilia usoni. Raba nyingi nyeusi kwenye alumini hukusanya vichembe vinavyong'aa, na vichembe hivyo ndivyo vinavyokwaruza ringi kila unapofunga breki. Ile sauti ya kukereza unayoisikia ni ringi yako inaliwa. Kampuni hiyo inatoa pia mchanganyiko mweusi, inaoupendekeza kwa hali kavu, na raba zenye rangi mbili zinazochanganya yote mawili. Kwa baiskeli ya zamani sioni sababu ya kuhangaika na rangi mbili. Nyekundu tupu inatosha.

Kasoro yake ni macho. Kwenye baiskeli nyeusi yenye mistari ya dhahabu, raba za pinki zinaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Wapo wanaozipaka rangi pembeni. Ukiamua hivyo, uso unaogusa ringi usiguswe na rangi hata tone.

*Raba yenye uso wa ngozi.* Hii ni dawa ya zamani kwa ugonjwa wa zamani. Fibrax ya Wales ndiyo iliyojulikana zaidi kwa raba hizi: raba ya kawaida ambayo upande wa mbele umewekwa kipande cha ngozi, kwa ajili ya ringi za kromu tu. Ili kuona kwa nini ngozi, fikiria kinachotokea mvuani. Kromu ni ngumu na nyororo. Maji yakitanda juu yake, raba inapobana huwa inateleza juu ya utando huo, na gurudumu linazunguka mara kadhaa kabla utando haujafutika na raba ikaanza kushika. Dereva anavuta, hakuna kitu, anavuta zaidi, hakuna kitu, halafu ghafla breki inashika yote kwa pamoja. Ngozi hufuta na kunywa maji hayo mapema, hivyo kipindi cha "hakuna kitu" kinafupika.

Inalipiwa kwingine. Siku ya jua ngozi haishiki kwa ukali kama raba nzuri. Inaweza kupiga kelele. Kipande chenyewe si kinene, na kikiisha unabaki na raba ya kawaida bila kupewa taarifa, kwa hiyo inahitaji kuchunguliwa mara kwa mara. Ikinyonya grisi au mafuta, hakuna kuisafisha, itupe. Usiifunge kwenye alumini: mchanga unaokwama kwenye ngozi utaisaga ringi. Na usijaribu kubandika ngozi mwenyewe kwa gundi juu ya raba uliyo nayo. Breki hupata joto na maji, vitu viwili ambavyo gundi haivipendi, na kipande kikichomoka kitachomoka ukiwa umebana breki.

*Kiatu cha kuchomeka.* Hapa unapata kiatu cha alumini kinachobaki kwenye breki siku zote, na raba inayoteleza ndani yake na kushikwa na skrubu ndogo au pini. Raba ikilika unachomoa, unachomeka nyingine, na marekebisho yote ya pembe na urefu yanabaki yalivyo. Faida ya pili ni kwamba raba za umbo hili zinapatikana kwa mchanganyiko wowote unaoutaka, pamoja na nyekundu.

Inasikika kama jibu la kila kitu. Kwa baiskeli ya zamani, naona inasifiwa kupita kiasi. Kiatu hiki ni kirefu, kama milimita 55, wakati raba nyingi za zamani ni fupi zaidi. Kinaongeza unene, na kwenye foku nyembamba ya zamani huenda kikagonga foku au kikakaa mbali na mkono wa breki, na mkono mwembamba wa chuma ukaanza kupinda na kutetemeka badala ya kubana. Tairi pana halipiti katikati ya viatu hivi unapotoa gurudumu. Na sura, basi: kwenye breki ya miaka ya 1950 kinaonekana kigeni. Mahali pake ni baiskeli ya mbio ya miaka ya 1970 au 1980, yenye ringi za alumini, inayoendeshwa kila siku. Hapo kinastahili kila senti.

Kwa wanaotaka kuona kwa mkupuo:

| Raba | Kromu kavu | Kromu iliyolowa | Alumini |
|---|---|---|---|
| Asili, kama bado laini | inatosha | mbaya | inatosha |
| Nyeusi ya kawaida | nzuri | dhaifu | nzuri, ila huokota vichembe |
| Nyekundu | nzuri | afadhali, si muujiza | bora kuliko zote |
| Uso wa ngozi | ya wastani | bora kuliko zote | usiifunge |
| Kuchomeka | hutegemea raba iliyo ndani | hutegemea raba iliyo ndani | bora ikiwa na nyekundu |

Ringi moja haimo kwenye jedwali. Ni zile za chuma zilizopigwa chapa ya vinundu au mistari pembeni, kama Rigida Superchromix ya Ufaransa. Zilitengenezwa hivyo ili kuvunja utando wa maji, na kweli zinasaidia, lakini zinakula raba kama tupa. Kwa ringi hizo raba laini itakwisha upesi, na sauti yake ni ya mngurumo hata ufanyeje. Nyekundu bado ndiyo ningeifunga, nikiwa na jozi ya akiba.

Sasa, itaingia?

Breki ya waya inayovutwa pembeni ndiyo rahisi kuliko zote. Raba ina bolti nyuma yake, inapita kwenye mwanya wa mkono wa breki, inafungwa kwa nati. Raba mpya karibu zote zina uzi wa milimita 6. Tahadhari ni moja: baiskeli nyingi za zamani za Uingereza zilitumia uzi wa nyuzi 26 kwa inchi, kwa hiyo zile nati nzuri za kofia zilizong'arishwa huenda zisikubali bolti ya raba mpya. Usizilazimishe. Tumia nati iliyokuja na raba, au tafuta nati ya kofia ya milimita 6 kama sura inakusumbua.

Breki za Mafac na kantileva nyingi za zamani (zile ambazo kila mkono una egemeo lake kwenye foku au fremu) ni hadithi tofauti. Raba zake hazina uzi; zina shina laini linaloshikwa na bolti yenye tundu. Raba ya bolti haiingii hapo, na raba ya shina haiingii kwenye breki ya kawaida. Habari njema ni kwamba Kool-Stop inatengeneza raba za umbo la Mafac kwa mchanganyiko ule mwekundu, hivyo mwenye Mafac Racer hajanyimwa kitu. Tena shina laini linakupa uhuru mkubwa kuliko bolti: unaweza kuisogeza raba mbele, nyuma, juu, chini na kuigeuza pembe yoyote kabla ya kukaza. Ugumu wake ni kwamba vyote hivyo vinasogea kwa pamoja, na utatamani kuwa na mkono wa tatu.

Kwa breki za zamani za Campagnolo ya Italia na zinazofanana nazo, raba huteleza kwenye kiatu cha chuma kilicho wazi upande mmoja. Unaweza kubadilisha raba peke yake na kubaki na viatu vya asili, jambo linalowafurahisha wakusanyaji. Ikiwa raba ni ngumu kuingia, ipakae maji ya sabuni na uisukume kwenye jiliwa taratibu. Mafuta, hapana.

Vipi kuhusu raba ndefu za V-breki, zile za baiskeli za milima, ambazo Shimano iliziingiza sokoni mwaka 1996? Nyingi zina bolti ya milimita 6 na watu hujaribu kuzifunga kwenye breki za zamani. Zina urefu wa karibu milimita 70, na washa zake za mviringo zinachukua nafasi ambayo breki ya zamani haina. Mara nyingi haziingii, na zikiingia zinapinda mkono wa breki. Ila zile washa za mviringo zenyewe zihifadhi, zina kazi tutakayoiona.

Breki za vyuma zinastahili nafasi yake. Hapa hakuna waya. Fito za chuma zinavuta kiunzi chenye umbo la U, na raba mbili zinapanda kugusa ringi kwa ndani, upande unaotazama habu, moja kila upande wa spoku. Ringi yake, iitwayo Westwood, ina mabega ya mviringo na haina uso bapa pembeni. Ndiyo maana raba za breki za vyuma na za breki za waya hazibadilishani kabisa. Raba ya pembeni haina pa kushika kwenye Westwood, na raba ya Westwood imechongwa kufuata mkunjo wa ringi. Anayetaka kuhamia breki za waya lazima abadilishe na ringi, isipokuwa akiwa na ile ringi ya Raleigh iliyotengenezwa kukubali zote mbili, yenye mabega ya mviringo na pembeni bapa.

Uchaguzi wa raba kwa breki za vyuma ni mdogo. Nyingi ni nyeusi, ubora wake unatofautiana sana, na ukucha ndio mwamuzi wako. Nikikuta jozi laini, nachukua na ya akiba. Kuna faraja moja inayosahauliwa: kwa kuwa raba zinabana kutoka chini na si pembeni, ringi iliyoyumba kidogo kushoto na kulia haizisumbui. Ringi iliyopoteza uduara ndiyo inayozisumbua, utasikia breki ikishika na kuachia kila mzunguko. Na raba mpya ni nene kuliko ulizotoa, kwa hiyo legeza kwanza nati za maungio ya fito ili kiunzi kishuke, la sivyo utafunga raba zinazoburuza tangu mwanzo.

Breki za ngoma na za kukanyaga nyuma hazina raba za ringi, kwa hiyo hazihusiki hapa.

Ningefunga zipi

Kwa alumini sina mjadala mrefu: nyekundu, ya kipande kimoja kwa baiskeli ya matembezi, ya kuchomeka kwa baiskeli ya mbio inayofanya kazi kila siku. Tofauti ya bei kati ya raba hii na nyeusi ya kawaida hurudi kwako ukihesabu maisha ya ringi, na ringi za alumini za vipimo vya zamani hazipatikani kirahisi.

Kwa kromu, swali ni moja tu: unaendesha mvuani au la? Kama baiskeli inatoka siku za jua peke yake, funga nyekundu na usahau. Inashika vizuri kavu, na ukinaswa na manyunyu una kitu cha kutegemea. Kama mvua ni sehemu ya safari zako, ngozi inafaa zaidi, mradi ukubali kuichunguza na kuibadilisha mapema.

Na hapa niseme jambo ambalo wauza raba hawalisemi. Tofauti kati ya raba mbaya na raba nzuri kwenye kromu iliyolowa ni ndogo kuliko tofauti kati ya kromu na alumini. Mtu anayepanda baiskeli ya zamani kwenda kazini mwaka mzima, akiwa na raba bora kuliko zote kwenye ringi za chuma, bado atasimama mbali zaidi kuliko jirani yake mwenye alumini na raba ya kawaida. Kwa mtu huyo, fedha ya kwanza iende kwenye ringi, angalau ya mbele. Hesabu matundu ya spoku kabla ya kuagiza: baiskeli nyingi za Uingereza zilikuwa na 32 mbele na 40 nyuma, na ringi ya matundu 36 haitakusaidia chochote. Angalia pia kipimo cha ringi, kile cha milimita kinachoandikwa ubavuni mwa tairi, kama 590 kwa baiskeli nyingi za inchi 26 za Raleigh au 635 kwa zile kubwa za inchi 28. Ukibadilisha kutoka 630 kwenda 622, kama wanavyofanya wengi wenye baiskeli za mbio za zamani, raba lazima zishuke milimita 4. Pima kama mwanya wa mkono wa breki unafika huko.

Bajeti ikiruhusu jozi moja tu nzuri, ifunge mbele. Unapofunga breki uzito mwingi unaegemea gurudumu la mbele na huko ndiko kusimama kunakofanyika. Nyuma inaweza kubaki na nyeusi ya kawaida bila hasara kubwa. Kuweka raba tofauti mbele na nyuma si kosa. Kosa ni kutofautisha kushoto na kulia kwenye gurudumu moja.

Mambo ya kufunga yanayobadilisha uamuzi

Ringi isafishwe kwanza kwa spiriti na kitambaa safi, hadi kitambaa kiache kutoka cheusi. Raba mpya kwenye ringi yenye mabaki ya raba ngumu ya zamani haitakuonyesha uwezo wake. Kutu kwenye kromu iondoe kwa sufi laini ya chuma, taratibu. Ukiikwangua kwa nguvu utang'oa kromu yenyewe.

Kama raba iko kwenye kiatu kilicho wazi upande mmoja, upande uliofungwa lazima utazame mbele, kule baiskeli inakoelekea. Ringi huivuta raba mbele kila unapobana. Ukigeuza, raba itateleza na kuchomoka siku utakayobana kwa nguvu zaidi kuliko siku zote. Hakuna kosa la kufunga raba lililo baya kuliko hili, na linatokea hasa kwa sababu viatu vya kushoto na kulia vinafanana vikiwa mezani.

Urefu: raba yote ikae juu ya uso wa ringi. Isiguse tairi hata kidogo, kwa sababu itakata ubavu wa tairi na tyubu ikapasuka. Isishuke chini ya ringi kuelekea spoku. Jinsi raba inavyolika, haibaki ilipo. Kwenye kantileva inashuka kadiri inavyoisha, na ikiachwa huweza kupenya chini ya ringi. Kwenye breki zinazovutwa katikati inapanda kuelekea tairi. Kwa hiyo kwenye kantileva funga juu kidogo, kwenye breki ya katikati funga chini kidogo, na utazame tena baada ya wiki chache.

Kelele sasa. Raba inatakiwa kugusa ringi kwa ncha ya mbele kwanza, ncha ya nyuma ikiwa imeachwa kwa kiasi cha milimita moja. Weka kipande cha kadi chini ya ncha ya nyuma, bana breki, kaza nati, toa kadi. Kwenye breki za shina laini hilo ni rahisi. Kwenye breki za bolti ambazo hazina namna ya kugeuza raba, mafundi wa zamani walishika ncha ya mkono wa breki kwa spana malaya na kuukunja kidogo. Kwa mikono ya chuma iliyobonyezwa, fanya hivyo. Kwa mikono ya alumini siwezi kukushauri. Chuma hukubali kukunjwa, alumini ya miaka 50 yaweza kupasuka pale pale au, vibaya zaidi, mwezi ujao. Zile washa za mviringo za V-breki zinaweza kukupa pembe hiyo kama nafasi ipo, moja ya mbonyeo na moja ya mbinuko upande mmoja wa mkono. Nafasi ikikosekana, sugua raba yenyewe kwa msasa ili iwe na mteremko. Kwa raba ya ngozi huwezi kufanya hivyo, na hiyo ni sababu nyingine kwa nini ngozi huwa na kelele kwenye breki za bolti.

Baada ya kufunga, raba haitashika vizuri papo hapo. Tafuta mahali tulivu, endesha, bana hadi ukaribie kusimama, achia, rudia mara kadhaa hadi uhisi mabadiliko. Ngozi huchukua muda mrefu zaidi kuliko raba. Kisha kaza nati tena, kwa kuwa raba mpya hukaa na nati hulegea kidogo. Wenzo wa breki ukigusa usukani bado, tatizo si raba tena: waya umevutika au ganda lake limebonyea, na hilo linarekebishwa kwa kubadilisha waya na ganda kwa pamoja.

Raba za asili ulizotoa usizitupe, hata zikiwa ngumu. Zifunge kwenye mfuko pamoja na nati na washa zake, uandike zimetoka gurudumu gani. Atakayeinunua baiskeli baadaye atazitaka kwa ajili ya maonyesho, na viatu vyake vya chuma vinaweza kupokea raba mpya.